Muulize Shangazi Tindo

Shangazi Tindo anajibu barua za wenye kuta sugu. Barua za mapenzi zipelekwe ukurasa wa pili, isipokuwa pale ambapo mapenzi yenyewe yamekwama ukutani.

Kaleta almasi, si pete

Shangazi, Jumamosi mume wangu alinipigia simu akiwa mjini, akaninong'oneza kwamba anakuja na almasi. Nikaoga, nikajifukiza udi, nikavaa gauni la harusi ya mdogo wangu. Alipofika akatoa kwenye mfuko bomba fupi la chuma lenye meno mdomoni, akasema kalikodi atoboe ukuta wa chumbani apitishe mipira ya kiyoyozi. Huyu ananipenda kweli?
*Mwenye Gauni, Tabata*

Mwanangu, anakupenda kuliko yule anayekuja na nyundo na tindo. Almasi anayo kweli, ila ni chembechembe zilizoshikizwa ndani ya yale meno, usihangaike kuzibandua. Wala hazikutoka mgodini Mwadui. Mwaka 1955 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba imeweza kutengeneza almasi kiwandani, na siku hizi jiwe la kina malkia linashikwa na mafundi.

Kabla hajaanza, mwulize kama ameitoa drili kwenye kugonga. Almasi husaga, haigongi. Ukiigongesha meno yanang'oka, na aliyemkodisha atayahesabu. Mwulize pia kama drili ina klachi na mpini wa pembeni. Bomba likikwama ukutani na drili haina klachi, kinachoendelea kuzunguka ni mume.

Kwa kiyoyozi kidogo cha nyumbani tundu la milimita 65 kwa kawaida linatosha. Liinamie nje kidogo, ili maji yatokee huko, yasije yakalala nanyi kitandani. Atangulize biti nyembamba na ndefu mpaka itokee upande wa pili. Kisha atoboe kutoka ndani hadi katikati, azunguke nje, amalizie huko kwa kukifuata kile kitundu. Anayesukuma kutoka upande mmoja hadi mwisho huiangusha lipu ya upande wa pili, na aibu hiyo inatazama barabara.

Mwanzoni alinikubali

Shangazi, mwanzoni alikuwa mlaini, nikadhani tumeelewana. Nilipoingia ndani kidogo akabadilika. Sauti ikawa kali, cheche zikaruka, na sasa hasogei hata nikimwegemea kwa uzito wangu wote. Nizidishe nguvu?
*Kapera, Kinondoni*

Baba, nilikuwa nimeshaishika simu nikuitie polisi, ndipo nikaona umeambatanisha picha ya bomba la kutolea moshi jikoni. Ulichokutana nacho ni nondo. Ondoa drili.

Zege ni hodari wa kubeba mzigo unaolikandamiza, lakini likivutwa linapasuka. Nondo ndiyo inayopokea huo mvuto. Sasa fikiri: ukuta wa kawaida wa tofali hauna nondo. Ukiikuta, ujue umetoka kwenye tofali na kuingia kwenye nguzo, lenta, bimu au slabu, yaani kwenye kile kinachowabeba majirani wa juu pamoja na makabati yao. Ile biti ya almasi inayonyweshwa maji huikata nondo bila kuuliza ni ya nani, kwa hiyo wa kuuliza ni wewe. Na ukishaikata, hakuna lipu wala rangi itakayoirudisha.

Acha hapo ulipo. Kizibe hicho ulichokwisha kutoboa, uhamie penye tofali. Usihamie wima juu ya soketi au swichi, maana nyaya hupita humo, na ukitoboa zima kwanza umeme kwenye swichi kuu. Ukikosa pa kuhamia, mwite mhandisi. Na kama wewe ni mpangaji, hata huo mlaini uliokukubali mwanzoni ulikuwa na mwenyewe.

Choo kabla ya harusi

Asalaam aleikum Shangazi. Mchumba wangu kaahidi choo cha ndani kabla ya harusi. Nyumba ni ya babu yake, Mji Mkongwe, na unene wa ukuta unakaribia urefu wa mkono. Fundi kaja na mashine ya kuvunjia barabara, anasema bomba la inchi 4 litapita kabla ya adhuhuri. Nimwamini?
*Bibi Harusi, Unguja*

Waaleikum salaam, mwanangu. Bomba litapita, na mbuzi atapita pembeni yake. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na katikati aghalabu ni vipande vidogo vilivyojazwa tu. Mashine ikiutikisa, kinacholegea kwanza ni cha ndani usichokiona. Jiwe moja likitoka, mwenzake anauliza kwa nini abaki.

Aanze mwenye nyumba kwenda kwenye mamlaka ya Mji Mkongwe akiwa na mchoro. Mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kibali hutangulia tindo. Kikipatikana, fundi achague mahali mbali na vichwa vya boriti, maana hapo ndipo ukuta unapobeba dari. Achore duara la milimita 120, alizungushie vitundu vya milimita 10, kama 25 hivi, kwa drili inayozunguka bila kugonga. Ndipo achukue tindo na nyundo ndogo. Bandu bandu huisha gogo.

Bomba likishapita, pembeni pazibwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko hayo matumbawe na inaufungia unyevu njia, nao ukihamia kwenye jiwe la jirani unalila polepole. Harusi isogezwe mbele. Ukuta uliomvumilia babu hauwezi kuvunjwa heshima kwa sababu ya adhuhuri ya fundi.

Nimeacha kumsalimia

Shangazi, jirani yangu anatoboa ukuta wa zege tangu juzi. Shuka zangu nyeupe nilizoanika zimegeuka kijivu, mara mbili. Nimemnyima salamu. Nimekosea?
*Mfuaji, Tudor, Mombasa*

Umekosea, dada, kwa sababu unayemnunia huenda hata hajui anachovuta. Mrudie, na salamu iwe ndefu. Vumbi la zege na la mawe mengi lina silika. Lile lililotua kwenye shuka lako ndilo la heri, kwa kuwa linaonekana na linafulika. Lililo jembamba zaidi huelea, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya aina hiyo, ikivutwa kazini, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Leso aliyojifunga puani haimsaidii. Avae barakoa ya FFP2 au N95 iliyokaa sawasawa usoni. Kama mashine yake imetengenezwa kwa kazi ya maji, ainyweshe. Kama haikutengenezwa hivyo asithubutu kuimwagia, maana umeme na maji havina urafiki. Anaweza kumweka msaidizi mwenye mashine ya kunyonya vumbi mdomoni mwa tundu, naye msaidizi avae barakoa yake. Na jioni kabla ya kazi apite kwa majirani kuwaambia waanue nguo. Hiyo haigharimu hata senti.

Tundu tu

Shangazi, mimi ni fundi. Wateja hupiga simu, "Fundi, ni tundu tu." Nikitaja bei ya inchi 4, mtu anataka kulipa mara mbili ya bei ya inchi 2, tena anaona kanihurumia. Nimjibuje?
*Fundi wa Drili, Morogoro*

Inategemea unatoboa kwa kifaa gani. Kwa nyundo na tindo, tundu la inchi 4 lina kifusi mara nne ya la inchi 2 kwenye ukuta uleule, na huyo mteja anakudhulumu. Kwa biti ya almasi unasaga mzingo tu, kiini kinatoka kizima, kwa hiyo ukuta unaousaga unakaribia mara mbili. Hapo hesabu yake si mbaya, ingawa aliipata kwa ubahili.

Ujanja huo ni wa zamani. Wamisri wa kale walizungusha mabomba ya shaba juu ya mchanga mkali wakatoboa graniti, na Flinders Petrie alipochunguza Giza katika miaka ya 1880 aliviokota viini walivyoacha.

Basi mpe mteja bei mbili. Ya almasi iwe na kukodi, maji na msaidizi ndani yake. Ya tindo iwe na siku nzima pamoja na lipu ya kurudishia. Akizikataa zote, mkabidhi nyundo na tindo, omba chai, ukae kivulini. Usiende mbali, atakuita.