Hotuba ya Mbobezi wa Taaluma ya Kuchelewa

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, nanyi wa viti vya nyuma mliowahi kwa kukosa elimu: mimi, mbobezi wa wabobezi katika taaluma ya kuchelewa mahakamani, nasimama kuthibitisha kwamba majeruhi wa ajali hana sababu ya kuharakisha madai yake. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, inampa aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua shauri. Mfupa huunga kwa miezi. Muda uliobaki ni wa nini kama si wa kupumzika? Wabishi husema ngojangoja yaumiza matumbo, eti kifungu cha 3 kinaamuru shauri lililochelewa litupwe hata kama mdaiwa hakulalamika. Wanasahau kuwa Waziri, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa awali. Kwa hesabu yangu ya kibingwa, ni mwaka mmoja na nusu! Kwamba anaweza pia kukataa, hilo ni dogo.

Wataniuliza: je, shauri likifutwa kwa sababu mdai hakufika? Hapo ndipo elimu yangu inapong'aa. Ikiwa pande zote mbili hazikufika, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu kufungua upya, ilimradi ukomo haujapita. Kwa hiyo, ukikusudia kutofika, hakikisha kwanza kwamba mdaiwa naye amelala. Akifika peke yake na shauri likafutwa, huruhusiwi kufungua jingine kwa madai yaleyale. Unabaki na maombi ya kulirejesha, ndani ya siku 30, kwa sababu ya kutosha. Zikipita nazo, tunaomba kuongezewa muda! Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lyamuya Construction, imetuwekea vigezo: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, kisiwe kirefu kupita kiasi, na aonyeshe bidii, si uzembe. Yaani bingwa wa kuchelewa aape kwamba alikuwa mbioni. Wapinzani wangu wanaviita vigezo hivyo kitanzi. Mimi naviita utafiti unaoendelea.

Nahitimisha: nadharia yangu imesimama imara kila mahali isipokuwa mahakamani. Asiyehitaji taaluma hii, anayetaka fidia tu, na afungue shauri mapema na afike kila tarehe aliyopangiwa.