Mwongozo wa Kwenda na Shangazi Kwenye Taarabu ya Kinanda

Umealikwa harusi Mbagala, Dar es Salaam, na shangazi yako wa Mwananyamala anataka mfuatane. Kikundi kina kinanda cha umeme, gitaa la besi na spika ndefu kumpita bwana harusi. Ili usiku usiishie kwa kununiana, fuata hatua hizi.

1. Chagua viti mapema. Shangazi amekuja kusikiliza mashairi, wewe umekuja kucheza. Besi ikimeza maneno atasema ni kelele, na atakuwa na haki. Mkalishe mbali na spika, karibu na njia ya kwenda kutunza, maana noti yake ya elfu tano ameshaikunja kwenye ncha ya khanga.

2. Akisema, "Mwanangu, taarabu ni fidla na ganuni, hiki si chetu," usimbishie. Mpe historia. Masimulizi ya Zanzibar yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kikaundwa 1905. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Ala zilikuja kwa jahazi, sauti yetu ikasambazwa na santuri, na taarabu haikufa.

3. Na wewe kijana, usiiite taarabu asilia muziki wa kusinzia. Mtazame mpiga kinanda vizuri. Mkono wa kulia unapiga sauti ya fidla; kidole cha mkono wa kushoto kinasukuma kigurudumu cha pembeni ili sauti iteleze kama upinde juu ya uzi. Ufundi huo ameurithi kwa wazee unaowacheka.

4. DJ akibadilisha kwenda singeli, mapigo yakapita 200 kwa dakika, mshike shangazi mkono umkumbushe mchiriku, muziki wa mtaani. Jagwa Music, kikundi cha mchiriku, walianzia huko huko Mwananyamala mwaka 1992, wakiwa na ngoma na vinanda vidogo vya Casio, na 2012 albamu yao Bongo Hotheads ikatolewa Ubelgiji. Kelele za mtaani kwake zimeshavuka mipaka.

5. Usihukumu wimbo kabla ya ubeti wa pili. Sheria hii inawahusu nyote wawili.

6. Mkitaka kugombana, gombaneni juu ya malipo. Siku hizi mwenye shughuli humkodi mpiga kinanda mmoja badala ya safu nzima ya fidla, na mafundi wa fidla wanakaa nyumbani. Kinanda hakina kosa. Kosa ni letu tunaotaka sauti ya fidla bila kumlipa mpiga fidla.

Kwa hiyo ukiwa na shughuli yako, chukua kinanda, chukua besi, kisha ongeza fidla japo moja kwenye bajeti. Na mpiga fidla umtunze.