Nimeajiriwa Kumnyima Poni Majani

Nyie wa Bongo mnapenda kusema sisi tulioko nje tunabeba boksi. Ningepewa boksi ningechinja mbuzi. Boksi halina meno. Boksi halijui kufungua geti kwa mdomo. Mimi niko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kazi yangu ni kumzuia poni asile majani. Basi. Ndiyo kazi yenyewe, nalipwa kwa saa. Majani yapo, mvua inayamwagilia bure, jua la Mei linayavuta, kiwanja kizima kijani mpaka macho yanauma. Halafu mimi, mtoto wa Magomeni, nasimama katikati ya mnyama na riziki yake.

Poni mwenyewe anaitwa Pudding. Yaani jina la chakula, tuanzie hapo. Asili yake ni Shetland, visiwa vya baridi na upepo kaskazini kabisa mwa Uskoti. Kimo chake kinaishia kiunoni kwangu, lakini usimdharau. Ana paspoti yake, maana kwa sheria ya huku kila farasi lazima awe nayo. Mimi bado ni mtu wa viza.

Kazi niliipata kirahisi. Mama mwenye kiwanja aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema, oh, Serengeti! Usaili ukaishia hapo. Serengeti sijawahi kufika, nauli yake mnaijua. Mnyama mkubwa niliyekua naye ni paka wa jirani, na alikuwa ananionea. Lakini mtu mwenye deni la kodi ya nyumba habishani na sifa.

Sasa mnyama mnene si ndiye mwenye afya? Kwetu ng'ombe akinenepa watu wanakuja kuulizia bei. Huku wanamwitia daktari. Akaja dada mmoja wa mifugo, mwembamba, mikono baridi. Akaweka viganja ubavuni mwa Pudding, akabonyeza kutafuta mbavu. Hola. Akashika juu ya shingo, pale manyoya marefu yanapoota, akakutana na donge la mafuta gumu kama mpini wa jembe. Akaminya juu ya mkia, vidole vikazama. Akaandika: alama nne na nusu kati ya tano. Nikampiga Pudding kofi la pongezi, maana mimi shuleni alama hizo nilikuwa naziona kwa wenzangu tu. Kumbe tano maana yake ni bonge la kutisha. Inatakiwa mbili na nusu, ikizidi sana tatu. Dada akaanza kueleza kwamba mafuta namna hii yanatokana na kula sana na kukaa bila mazoezi, na wakati anaeleza, wallahi, macho yalikuwa kwenye kitambi changu. Mama mwenye kiwanja naye akageuka kukiangalia. Hata Pudding aligeuka.

Nikaambiwa nimpime. Mizani ya farasi ni ghali, kwa hiyo tunatumia tepu. Unaizungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, halafu unapima urefu toka bega mpaka mwisho wa matako. Kifua mara kifua, mara urefu, gawa kwa 11,880, jibu linakuja kwa kilo. Hesabu nilipata F, simu ikanisaidia. Kifua sentimita 145, urefu 118. Simu ikasema kilo 209. Sikushangaa. Uzito huo nilishaujua dakika chache nyuma, aliponikanyaga dole gumba.

Kinachoniuma ni kwamba hana kosa lolote, anakula majani tu. Hapewi pumba wala mahindi. Dada wa mifugo akanipa darasa palepale, nimesimama kwa mguu mmoja. Huyu ni poni wa kienyeji. Mababu zake waliishi juu ya mawe na chumvi, wakiguguna majani magumu na hata mwani wa ufukweni. Kiangazi walijaza akiba mwilini, baridi ikaila yote, machipuko yakawakuta mbavu ziko nje. Mwili wa aina hiyo hautupi kitu. Halafu walikuwa wanachapa kazi. Mwaka 1842 Uingereza ilipopiga marufuku wanawake wote, na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya migodi ya makaa, maponi wa Shetland ndio walioshushwa huko kuvuta mikokoteni. Mjukuu wao Pudding anavuta nini? Ananivuta mimi.

Na mtu kama huyo wamemleta Somerset! Hapa ndipo kilipo kijiji cha Cheddar, wale wa jibini. Nchi ya ng'ombe wa maziwa. Majani ya huku mengi ni raigrasi, wamechagua mbegu makusudi iwe na sukari nyingi ng'ombe akamuliwe ndoo kwa ndoo. Udongo ukipata joto la nyuzi 5 au 6 tu, yanaanza kuota. Kuanzia Aprili hadi Juni yanaota mbele ya macho yako. Unayafyeka, unageuka kuchukua chai, yamerudi.

Utasema, si anenepe tu, shida nini? Shida ni kwato. Sukari ikizidi, insulini inapanda kwenye damu, na vile vinyama vyembamba vinavyoshikilia mfupa ndani ya ukwato vinalegea. Wanaita laminaitisi. Mfupa unaweza kuzunguka au kuzama humohumo ndani ya kwato, mnyama hawezi kusimama, na ikifika mbali anachomwa sindano ya kumpumzisha. Aliponiambia hivyo sikucheka tena, na mimi napenda kucheka.

Basi kila asubuhi napiga magoti kwenye tope, namshika mguu, natafuta mshipa nyuma ya kifundo. Ukipiga kwa nguvu na ukwato una moto, balaa. Ukimkuta ameegemea nyuma, miguu ya mbele kaisukuma mbele, piga simu usiulize. Siku ya kwanza nikakuta mshipa unadunda vibaya. Dug, dug, dug! Nikapiga simu. Dada akaja mbio, akashika, akaniuliza natumia kidole gani. Gumba. Akasema gumba lina mshipa wake wenyewe, hayo mapigo yalikuwa yangu. Akashauri nikapime presha. Na kiwanjani kinapita kinjia cha umma, huku watu wana haki ya kupita kwenye shamba la mtu na mbwa wao, kwa hiyo kijiji kizima kilishaniona nimempigia magoti poni, nimemshika mguu, nanong'ona.

Nikasema basi tumfungie bandani akae na njaa, tumalize. Haiwezekani! Poni akikatiwa chakula ghafla, hasa hawa wa Shetland, mafuta yanamwagika kwenye damu, ini linaziba, anakufa kwa njaa huku mnene. Lazima ale kila siku chakula kikavu cha kama asilimia moja na nusu ya uzito wake. Kwa Pudding ni kilo tatu na kidogo. Anapewa nyasi kavu, lakini nazo zina sukari, kwa hiyo kwanza naziloweka. Mimi nafua nyasi. Naziweka kwenye wavu, nazamisha kwenye pipa, masaa yanapita, natoa. Maji yanatoka rangi ya chai ya rangi, yanashuka kwenye suruali, yanaingia kwenye buti. Nikipanda basi jioni, siti ya pembeni yangu haikaliwi.

Tukajaribu kumpunguzia muda wa kwenda malishoni. Wazo zuri kwa mtu asiyemjua Pudding. Watafiti walishawapima maponi wa namna hii: ukimfungulia masaa machache tu, anajifunza kula kwa kasi ya kufidia. Anainamisha kichwa hakiinui, kama mgeni wa harusi aliyesikia pilau limebaki kidogo. Halafu kuna ratiba ya sukari. Jua likiwaka mchana kutwa majani yanatengeneza sukari, jioni ndiyo yamejaa, usiku yanaitumia, alfajiri imepungua. Kwa hiyo atoke usiku sana, arudishwe asubuhi. Nani anamrudisha? Lakini usiku ukiwa na umande wa barafu, majani hayaoti, hayaitumii sukari, inabaki humo, na kukipambazuka na jua kali ni hatari tupu. Siku hizo asitoke kabisa mpaka baadaye. Mama mwenye kiwanja ananitumia meseji saa sita usiku: angalia nyuzi joto. Mimi wa Magomeni! Kwetu nyuzi joto ni moja tu.

Ndipo ikaja barakoa. Ni kikapu cha plastiki kinavalishwa mdomoni, chini kina tundu dogo, jani linapenya moja moja. Maji anakunywa vizuri. Walipopima, maponi waliovalishwa walikula pungufu kwa kama asilimia 80. Pudding akavalishwa asubuhi. Mchana hakuwa nayo. Niliitafuta kwenye mtaro, kwenye miiba, kwenye kinyesi. Akavalishwa tena, ukosi umekazwa. Kuna bibi mmoja mpita njia, ana kofia ya sufu, akaona, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mimi ni mkatili. Akaivua. Akampa tofaa. Nikasema, bibi, mnyama ana matatizo ya insulini. Akasema, hata mimi, mwanangu, na tofaa nakula.

Sasa tumeweka fensi ya umeme. Namkatia kijipande, kila siku nasogeza vigingi hatua moja, anapata majani mapya kidogo. Pudding amejua kusikiliza. Waya ukitoa ule mlio wa tik, tik, anakaa mbali. Betri ikiisha anajua kabla yangu, anapita chini. Mimi ninayelipwa nagusa kwanza ndipo nasikiliza.

Na mazoezi. Kila jioni namfunga kamba tunazunguka kijiji. Tunatembea hatua kumi, anaona ukoka pembeni ya barabara, anatia breki. Navuta. Hatoki. Gari zinasimama nyuma yetu, wastaarabu, hawapigi honi, wanaangalia tu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Juzi akatokea binti wa kama miaka saba na baiskeli yake. Akaniuliza kama nahitaji msaada. Akashika kamba, akasema, haya Pudding. Pudding akaondoka naye, kichwa juu, adabu tupu. Mimi nikafuata nyuma nikisukuma baiskeli ya pinki.

Nikampigia mama yangu nipate wa kunihurumia. Nilikosea namba ya huruma. Nilipomweleza kazi alinyamaza, akauliza, "Mwanangu, unamnyima mnyama majani? Mwaka 2022 Simanjiro ng'ombe walikufa kwa ukame, Wamasai walilia, wewe majani yapo unayawekea umeme?" Nikaeleza sukari, nikaeleza insulini, nikaeleza kwato. Nikamwambia na wakati wa baridi hatumvalishi blanketi, ili baridi imchome mafuta.

"Na huyo farasi anafanya kazi gani?"

"Hafanyi, mama."

"Ana nyumba?"

"Anayo."

"Ana daktari?"

"Anakuja hadi hapahapa."

"Na kuna mtu analipwa kumtembeza jioni?"

"Ndiyo mimi, mama."

Akafikiri kidogo.

"Hebu muulize huyo bosi wako kama anahitaji mwingine. Baba yako yupo tu hapa barazani, na yeye insulini inamsumbua."