Hotuba Adhimu Mintarafu ya Kuwanunulia Watoto Viatu kwa Njia ya Simu

Enyi wazazi wa Buruburu na Umoja, wa Kayole na Dandora, wa Jericho, Maringo, Bahati na Kaloleni, mlioacha sufuria motoni na mpira kwenye runinga ili mje kuneemeka kwa maarifa yangu, na nanyi mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vya plastiki vimekwisha, nawaomba kwanza mtambue bahati iliyowaangukia jioni hii. Mimi ninayesimama mbele yenu si muuza viatu, wala si fundi wa viatu, wala si daktari wa miguu, wala, namshukuru Mola, si baba wa mtoto yeyote anayejulikana. Na kwa sababu hiyo hasa, nikiwa sina tajriba yoyote ya kuutia ukungu uamuzi wangu, nimejitawaza, baada ya kushauriana na nafsi yangu na nafsi yangu kuniunga mkono kwa kauli moja, kuwa Bingwa Mkuu wa Ilmu ya Viatu vya Watoto wa Tete na Dede, tangu mzunguko wa City Stadium hadi mwisho wa Komarock.

Zamani jambo hili lilikuwa na utaratibu wake. Mzazi alimshika mwanawe mkono, akapanda basi kwenda mjini, akaingia duka la Bata, kampuni ile iliyoanzishwa mjini Zlín mwaka 1894 na hatimaye ikajenga kiwanda chake Limuru, na huko karani wa duka, mtu mzima mwenye tai, alipiga goti sakafuni, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaenda akaleta kingine. Aliyeshindwa na bei alirudi nyumbani na Sandak ya plastiki, wala hakuna aliyemcheka, maana nusu ya mtaa ilivaa hizo hizo. Goti lile, wazazi wenzangu (nawaita wenzangu kwa adabu tu), ndilo tulilolipoteza. Siku hizi kiatu huja kwa picha, na picha haipigi goti.

Fuateni basi safari ya kiatu hicho. Magunia ya viatu vya mitumba hufunguliwa sokoni Gikomba kabla jua halijapanda, na wanaowahi kuchagua, hao wanaojitwalia kamera ya kwanza kama wenyewe wasemavyo, huondoka na vile ambavyo mtoto wa Ulaya alivivaa mara mbili akavichukia; wanaofuata huchukua kamera ya pili; na vilivyobaki, vya fagia, hurundikwa juu ya turubai vikauzwa kwa kelele. Mwaka 2020, baina ya Machi na Agosti, serikali ilipozuia mitumba isiingizwe nchini kwa hofu ya korona, majirani zangu kadhaa waliokuwa na akiba ya viatu chumbani waligeuza vitanda vyao kuwa madirisha ya duka, na hadi leo hawajavirudisha kuwa vitanda. Tazameni picha yenyewe, nimeikuza hapa ukutani kwa gharama yangu: shuka la maua, juu yake raba mbili ndogo za rangi ya waridi, zimesuguliwa kwa mswaki hata soli ikang'aa, ndani zimejazwa gazeti ili zisimame wima, pembeni kidole gumba cha muuzaji kimeingia pasipo kualikwa, na chini maandishi yasemayo, "Mali safi, namba 22, bei njoo inboksi." Katika picha yote hiyo, niliyoitafakari usiku kucha, kitu pekee kisichoweza kutuhadaa ni kile kidole gumba, kwa kuwa gumba la mtu mzima tunalijua upana wake, ilhali hiyo namba 22 ni neno la ghaibu.

Nasema la ghaibu kwa sababu mataifa yamekhitilafiana katika namba za viatu kuliko yalivyokhitilafiana katika mipaka. Waingereza, watu waliotutawala kwa ujasiri wote ule, hupima kiatu kwa punje ya shayiri, ambayo kwao ni thuluthi ya inchi, yaani milimita 8 na nusu hivi. Viatu vya watoto wakavianzia sifuri, ila sifuri yao ina urefu wa inchi 4. Wakahesabu hadi 13, na walipofika 13, badala ya kwenda 14 kama watu wengine wa Mungu, wakaanza tena 1. Wafaransa nao, ambao hawajapata kuazima kipimo cha Mwingereza kwa hiari, wakachukua thuluthi mbili za sentimita, na hesabu hiyo ikatapakaa Ulaya. Wamarekani wakaichukua hesabu ya Kiingereza wakaisogeza mbele takriban namba moja, nadhani ili wapate la kutofautiana. Alhasili, kiatu kimoja, kwa mtoto yuleyule, huitwa 5 kikiwa London, 6 kikiwa Chicago na 22 kikiwa Paris, na kikishashuka kwenye gunia Gikomba huitwa "itamtosha tu." Vile vipya vitokavyo China navyo vina namba zake, na aghalabu 22 ya huko humbana mtoto aliyekuwa akicheza ndani ya 22 ya mitumba.

Kwa hiyo nimegundua, na naomba wenye kalamu waandike, kwamba namba haina budi kutupwa. Anayetaka kumnunulia mtoto kiatu asichokiona sharti aulize jambo moja tu: soli ya ndani, kutoka kisigino hadi ncha, ina sentimita ngapi? Wazee wetu wa pwani, waliopima kwa wanda, shibiri, dhiraa na pima, mwili wa mtu ukiwa ndio rula yake, wangeniunga mkono pasi na shaka; maana mguu wa mtoto ukishapimwa, huongezwa mbele yake wanda mmoja wa kidole chembamba, yaani sentimita 1 na ushei, ili vidole vipate pa kusukumia anapopiga hatua. Na mtoto apimwe jioni, kwa kuwa mguu hututumka kidogo mchana kutwa; apimwe amesimama, kwa kuwa uzito wa mwili huutandaza; na ipimwe miguu yote miwili, kwa kuwa ni nadra iwe sawa, na kiatu hufuata ule mkubwa.

Ili msidhani nazungumza nadharia tupu, nilimwazima mtoto mmoja wa mwaka mmoja na nusu kutoka safu ya pili, nikatandika bahasha ya bili ya stima chini ya miguu yake, nikashika penseli. Mliona wenyewe. Mtoto alikunja vidole kama kaa, akakalia bahasha, mama yake akampa kipande cha mandazi, na alipokuwa akikitazama, mkono wangu, kwa wepesi nisiotaka kuusifu, ukachora mguu wa kushoto sentimita 13 na nukta 4, na wa kulia 13 na nukta 6, kisha akanipokonya penseli, akaenda nayo, na hadi sasa sijui iko wapi. Basi mtoto huyo, tukimwongezea wanda wake, anahitaji soli ya ndani isiyopungua sentimita 14 na nukta 6 wala kuzidi 15. Sentimita hizo ndizo za kumwandikia muuzaji, pamoja na ombi la adabu kwamba atoe hilo gazeti, atie rula ndani ya kiatu, apige picha nyingine. Akikataa, mwache na shuka lake.

Hapa mama mmoja wa Jericho, ambaye hakuomba ruhusa ya kusema, alisimama akatuambia kwamba yeye hukata njiti ya ufagio kwa urefu wa mguu wa mwanawe, huiongeza kidogo, huenda nayo soko la Mutindwa, huitia ndani ya kiatu, na ikikaa bila kupinda hulipa akaondoka. Na kwamba anaponunua kwa simu huipima njiti ileile kwa rula ya shuleni ya kaka yake mtoto. Makofi mliyompigia yalikuwa marefu kuliko yangu, nami sina kinyongo. Namtaarifu tu kwamba hilo alifanyalo kwa ujinga mwema sisi wataalamu tunaliita Kipimo cha Njiti, na kuanzia jioni hii limo katika mafunzo yangu, sura ya tatu.

Wala msidhani kwamba mitambo ingetufaa zaidi. Baina ya miaka ya 1920 na 1950, maduka ya Marekani na Uingereza yaliweka sanduku la eksirei ambamo mtoto aliingiza miguu yake iliyovaa kiatu kipya, na yeye, mama na muuzaji wakachungulia kila mmoja kwenye tundu lake kuitazama mifupa ikicheza. Watoto walilipenda sanduku hilo hata wakaomba kurudi, mpaka ilipodhihirika kwamba mionzi ile ina madhara, na majimbo ya Marekani yakaanza kulipiga marufuku. Na faida yenyewe ilikuwa ndogo, kwani mguu wa mtoto wa umri huu sehemu kubwa ni gegedu, laini kiasi kwamba hukubali kubanwa bila mwenyewe kulia. Hilo ndilo la kuogopa, na hapa nitaacha mzaha kwa muda wa pumzi moja: msingoje mtoto alalamike. Bonyezeni ncha ya kiatu kila baada ya miezi miwili au mitatu, maana katika umri huu mguu hukua kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi, na kwa miezi minne hivi namba nzima ya Kifaransa imepitwa.

Kwa ajili hiyo pia nakataza viatu viitwavyo "atakua navyo," ambavyo mtoto huvikokota mwaka mzima akijikwaa, na siku vinapomtosha vimekwisha soli. Kwa mitumba nataka picha ya kisigino kwa nyuma, kwani kilicholika upande mmoja kimeshakariri mwendo wa mwingine na kitamfundisha wako. Nataka soli ipindwe mbele ya kamera, ikunjike penye vidole na si katikati. Na nataka mikanda ya kubandika ambayo bado ina nguvu. Viatu vinavyolia kwi-kwi kila hatua sina hoja ya kitaalamu dhidi yake, ila naishi ghorofa ya chini. Na ndani ya nyumba, kwenye sakafu safi, mtoto aende pekupeku. Mguu mtupu haujapata kukosa namba.

Sasa malipo. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, fedha zimekuwa na mbio kuliko akili, na wengi wenu hulipa kwanza, kisha mkaanza kumtafuta muuzaji. Jina hujitokeza kabla ya kutuma: lisomeni. Ukikosea namba ya mtu, upeleke ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, kabla aliyezipokea hajazinunulia unga. Lililo bora ni kulipa kiatu kikiwa mkononi, ingawa mtu wa nduthi, akiwa ameegesha getini huku injini inanguruma, hana subira ya kungoja mtoto aamshwe avishwe. Ndiyo maana nawaagiza njiti ya mama wa Jericho itangulie getini, mtoto aachwe alale. Jirani yangu alitumiwa na muuzaji mmoja viatu viwili vizuri sana, vyote vya kushoto, akaambiwa bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Naye, badala ya kujua kwamba kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo ina sehemu mahsusi juu ya mikataba ya intaneti, alivitundika ukutani. Na urahisi mnaoutafuta haumo katika bei ya kiatu, bali katika nauli yake: kiatu cha shilingi mia tatu kinachosafirishwa kwa mia mbili ni kiatu cha mia tano, kwa hiyo mama wanne wa geti moja waagize siku moja kwa muuzaji mmoja, mtu wa nduthi aje mara moja, wagawane nauli. Mengine yote niliyosema yalikuwa elimu. Hili la mwisho ni pesa.

Naona taa zimeanza kufifia na mlinzi anatikisa funguo. Maswali sipokei hapa, njooni inboksi. Ada ya hotuba ni shilingi hamsini kwa kila mzazi, namba ya tili imebandikwa mlangoni, na jina litakalotokea ni la shemeji yangu, msishtuke. Ada ikishalipwa hairudishwi wala haibadilishwi, na aliyemwona mtoto mwenye penseli yangu tafadhali aiache kwa mlinzi.