Kamera ya Nguruwe, Sura za Majirani

Nguruwe pori wa Kwaluguru hali shamba, analikagua. Anauangusha mhindi, analiuma hindi mara mbili, analiacha, anahamia kwa mhindi wa pili. Likija kundi zima, usiku mmoja unatosha: asubuhi unakuta mistari imelala chini, alama za kwato kwenye udongo mbichi, na watu wa kukupa pole wameshafika kabla yako. Tena huku Handeni wengi wetu ni Waislamu, kwa hiyo hata ukimpata huyo nguruwe humli. Unamwinda kwa hasira tu, na hasira haijawahi kulipa bei ya risasi.

Mwenye bunduki kwenye ukoo wetu ni mjomba. Ina kibali, yeye mwenyewe ana leseni, na ni mtu wa sheria kupindukia. Msimu wa uwindaji hapa nchini hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kabla ya siku hiyo nguruwe anaweza kupanda barazani, akanywa uji na mjomba, akaaga akaondoka zake salama. Mitego ya waya hataki hata kuisikia, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imeikataza, na hiyo sheria anaitaja kwa mwaka wake kama wengine wanavyotaja mwaka waliooa. Bahati mbaya mahindi ya masika hayakuisoma. Yanabeba Mei, yanakomaa Juni kuelekea Julai, na nguruwe anazijua tarehe hizo kuliko bwana shamba. Kabla ya msimu, basi, kazi inayobaki ni upelelezi: wanapita wapi, wanakuja saa ngapi, wako wangapi.

Kwa ajili ya upelelezi huo mpwa wangu alituletea kamera ya porini. Kijana amesoma Mweka, kile Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kilichoanzishwa 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kamera yenyewe ilikuwa imekwisha kustaafu kwenye kazi za utafiti. Ni kisanduku unachokifunga kwenye mti kwa mkanda, ukakiacha. Kina jicho linalohisi joto: kitu chenye joto kikipita mbele yake, kinapiga picha, na usiku kinatumia mwanga ambao macho yetu hayauoni. Akatuelekeza tukifunge usawa wa goti, tufyeke nyasi za mbele, tukielekeze kaskazini au kusini kisitazamane na jua. Kisha akasema neno lililoniudhi.

“Mjomba, ukishaifunga, usiende.”

“Nisiende wapi?”

“Kwenye kamera. Iache hata mwezi.”

Akanieleza kwamba kule milima ya Udzungwa, tangu 2009, watafiti wamekuwa wakitega kamera kwenye vituo 60 na kuziacha siku 30 bila kuzigusa. Kwamba kwenye milima hiyohiyo, mwaka 2005, kamera za namna hii ndizo zilizompiga picha sange mwenye uso wa kijivu, mnyama ambaye wataalamu walikuwa hawamjui kabisa, hadi akatangazwa rasmi kuwa aina mpya mwaka 2008. Mnyama aliyewakwepa wasomi wote hadi karne hii alinaswa na kisanduku ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikipapasa kila asubuhi.

Maelezo mazuri. Lakini sisi ni watu ambao tukimtumia mtu ujumbe wa simu tunampigia kumuuliza kama umefika. Mwezi mzima tuuweze wapi?

Kabla hata ya kuanza kwenda kuangalia, kijiji kilishaanza kuangalia. Kisanduku kile kina mabaka ya kijani na kahawia, na kila Mtanzania anajua kwamba vitu vya mabaka ni vya jeshi, raia usiviguse. Jioni ya siku ya kwanza mwenyekiti wa kitongoji alikuja nyumbani kwa upole wa kutisha, akakaa, akaulizia afya za watoto mmoja mmoja, ndipo akauliza kile kitu cha mtini ni mali ya nani. Nikamwambia ni ya nguruwe. Akaniangalia kwa muda mrefu.

Jibu hilo halikuwatosha watu, maana wilaya yetu imezoea wageni wanaofunga vitu kwenye miti. Wamekuja wapimaji wa Msomera kabla ya ndugu zetu kuhamia kutoka Ngorongoro mwaka 2022. Wamekuja wathamini wa bomba la mafuta ghafi, lile linalotoka Hoima kule Uganda na kukata mkoa wetu kuelekea Chongoleani. Mtu wa Handeni leo akiona kitu kigeni kwenye mti haulizi ni nini. Anauliza fidia ni kiasi gani. Jirani ninayepakana naye upande wa chini hakuuliza lolote. Aliamka alfajiri akapanda miche ya michungwa, mistari miwili imenyooka, mbele ya kamera kabisa, ili wathamini wakija waikute. Picha zake tunazo. Anapanda mche, anainua macho kwenye kamera, anatengeneza kola ya shati.

Halafu zikaanza safari zetu wenyewe. Mimi nilikwenda kuhakikisha mkanda haujalegea. Mke wangu, aliyekuwa akiicheka kamera tangu ifike, akagundua kwamba mchicha pori mzuri unaota upande ule tu. Watoto walitumwa kuangalia kama mama yao amerudi. Mgeni akija, baada ya chai anapelekwa kuiona. Mpwa alikuwa ameshaonya kwamba anayekwenda mara kwa mara anaacha harufu, na nguruwe haoni vizuri lakini pua yake haina mfano. Onyo hilo tulilisikia wote, na kila mmoja alijua linamhusu mwenzake.

Picha zenyewe tulizitazamia centa, kwa kijana wa kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo, kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta. Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Hapo ndipo penye kosa, na kosa ni la kalenda: siku ya gulio mtu hawezi kufungua kompyuta akiwa peke yake. Mama wa vitumbua alisogea na sufuria yake. Waendesha bodaboda waliacha abiria.

Picha za kwanza zilikuwa majani. Zikafuata majani. Nyasi tulizodhani tumezifyeka zilikuwa zikichomwa na jua la mchana na kuyumba kwa upepo, na kamera ikaziona kuwa ni kundi la wanyama wenye joto. Baada ya majani nikaja mimi: muundi wangu, goti langu, kisha paji la uso wangu kwa karibu sana, nikichungulia kama kitaa kimewaka. Tulipompigia mpwa simu alitupa moyo kidogo. Serengeti, alisema, walitega kamera 225 tangu 2010, na kufikia 2013 zilikuwa zimepiga seti milioni 1.2 za picha. Karibu robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote.

“Ila Serengeti,” akaongeza, “hawana paji la uso la mtafiti mara nyingi kiasi hicho.”

Kisha ikaja picha iliyonyamazisha gulio. Tunaye mzee mmoja, jina lake na libaki hukohuko, ambaye mguu wake mbovu umemtoa kwenye msaragambo wa barabara, wa shule na wa zahanati. Kila mwaka tunamwonea huruma, tunafanya na sehemu yake. Basi mzee huyo alionekana kwenye picha tatu mfululizo, alfajiri, gunia la mkaa kichwani, fimbo hana, anavuka mtaro kwa hatua ambayo mimi siiwezi. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo, lakini hawakusema kwamba mwenyekiti wa kitongoji atakuwa amesimama hapohapo akila kitumbua.

Mzee alinifuata kabla ya magharibi. Alitembea vizuri tu, maana hakukuwa tena na sababu ya kuchechemea. Aliuliza nimempiga picha kwa ruhusa ya nani. Nikamwambia nilikuwa natafuta nguruwe. Jibu hilo, nililolitoa kwa nia njema kabisa, halikusaidia mambo.

Kijana wa kibanda naye, kwa moyo wa ukarimu, aliona memori kadi ina nafasi akaijaza singeli bila malipo. Kamera iliporudishwa mtini ilipiga picha chache ikasimama, haina pa kuweka. Tulipofuta singeli zikaisha betri. Kamera ile inakula betri nane ndogo za rimoti kwa mpigo, na betri za bei rahisi za gulioni zilizimika kabla ya nguruwe kuamka. Tukaanza kuzitoa kwenye rimoti ya televisheni, kwenye saa ya ukutani, kwenye tochi ya mama mkwe. Nyumba ikawa haijui saa wala taarifa ya habari, ilimradi porini kuna macho.

Muda wote huo mjomba hakuwa amekwenda kwenye kamera hata mara moja. Alipoona tumechoka, akachukua fimbo, akazunguka shamba upande wa juu, kwenye korongo, ambako hakuna mtu aliyekuwa akienda. Akatuonyesha chini. Njia ilikuwa pana, udongo umefukuliwa, mahindi yamelala. Nguruwe hawakuacha kuja. Walihama tu mlango. “Kule kwenye kamera mmepafanya stendi,” alisema. “Kunanuka sabuni, sigara na petroli. Mnyama gani mwenye akili atashuka pale?”

Nilijaribu kujitetea kwa historia. Mpwa aliwahi kunisimulia habari za Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka nyika za kaskazini mwa nchi hii mwanzoni mwa karne iliyopita akipiga picha za usiku. Alifunga punda au ng'ombe kuwa chambo, akatega kamera na unga wa magnesi unaolipuka kwa mwako mkubwa, na simba walikuja wakapigwa picha. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1905. Ikiwa simba alikuja kwenye milipuko, kwa nini nguruwe aogope sabuni ya mche?

“Simba anatafuta punda,” alijibu mjomba. “Nguruwe anatafuta mahali usipokuwepo wewe.”

Akaihamisha kamera hadi korongoni. Masharti yake yalikuwa mafupi. Aende mtu mmoja, mchana wa jua kali wakati nguruwe wamelala vichakani, asijipake chochote, asishike majani. Na kama anaweza kusubiri, asubiri siku wingu limetanda, achukue kadi, aweke nyingine, mvua imfutie nyayo na harufu. Nilimpigia mpwa kumsimulia. Kimya kidogo, kisha akauliza babu yake amesoma Mweka mwaka gani.

Lakini mjomba anaujua ukoo wake, na hakutegemea masharti peke yake. Aliwaambia watoto kwamba pale korongoni ameona chatu. Kufikia jioni chatu huyo alikuwa ameshameza mbuzi wawili wa kijiji cha pili. Hakuna aliyekwenda tena. Mke wangu alipata mchicha pori kwingine. Mimi mwenyewe nilikuwepo mjomba alipokuwa akiutunga uongo ule, nilimsikia kwa masikio yangu, na bado sikwenda.

Wingu lilitanda siku moja ya Juni, mjomba akaenda, manyunyu yakamfuata nyuma. Safari hii kadi haikufunguliwa siku ya gulio. Walikuwepo wote: jike kubwa limetangulia, madume mawili, na watoto wenye mistari mgongoni, wanashuka kwa utulivu wa watu wanaokwenda kazini. Saa nane usiku, tena na tena, hawachelewi. Tatizo likawa tarehe. Picha iliandikwa 06/05. Mjomba akasema hawa ni wa tarehe 6 Mei, washahama. Kijana wa kibanda akasema kamera za namna hii huandika mwezi kwanza, kama Wamarekani, kwa hiyo ni tarehe 5 Juni. Mjomba akauliza mtu anawezaje kutaja mwezi kabla hajajua ni siku gani. Wakabishana hadi nikawakumbusha kwamba tarehe 6 Mei kamera ilikuwa bado kule stendi, ikinipiga mimi.

Tarehe 1 Julai mjomba alitoka na leseni yake mfukoni na kukuta korongo kimya. Mahindi tulikuwa tumeshavuna, yale tuliyoachiwa, na nguruwe walikuwa wamehamia kwenye muhogo. Muhogo wenyewe ni wa yule mzee wa mguu. Alikuja nyumbani, akakaa, akaulizia afya za watoto mmoja mmoja, ndipo akasema amesikia nina kamera.

Nimemwazima. Haruhusiwi kuifungua kabla ya mwezi kwisha, na chatu wa kuwaambia watoto wake atamtafuta mwenyewe. Nawe msomaji, kama unaihitaji kabla ya msimu ujao, foleni iko nyuma yake. Njoo na betri nane za maana, na memori kadi mbili zisizo na singeli.