Ndoo ya Bwana Shamba
Kijijini Kate, sote wawili tulikuwa wakuja. Mimi mwalimu kutoka Pangani, yeye bwana shamba kutoka Bukoba. Mimi nalilia nazi, yeye analilia ndizi, na uwanda wa Ufipa unatupa mahindi, maharage na ulezi. Tulipendana tukiusengenya ugali, tukaoana, na kabla hata zulia halijachakaa mume wangu akaanza kukohoa.

Tukaisingizia baridi. Kipupwe cha Ufipa si cha mchezo. Upepo unapenya hata penye tofali. Lakini baridi haimtoi mtu jasho la usiku kiasi cha kulowesha shuka, wala haipwayishi suruali. Makohozi yalipopimwa, ikawa kifua kikuu.

Simu ya kwanza nilimpigia mama. "Si nilikwambia Sumbawanga! Wameshamroga huyo. Rudi nyumbani, mwanangu." Mama mkwe naye alikuwa na hukumu hiyo hiyo, ila kwake wa kurudi ni mwanawe, mimi nibaki.

Bibi jirani, Mfipa wa hapo hapo, alikuja kutupa pole, akapiga makofi yake ya salamu, akaketi. Habari ya uchawi ikamchekesha: wanaoujua sana uchawi wa Sumbawanga, alisema, ni watu ambao hawajafika. Akatukumbusha mkuja mwenzetu, Adriano Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomea uganga wa kizungu Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, 1889, akaoa huko na kutibu watu mpaka uzeeni. Hospitali yenye jina lake ipo Sumbawanga mjini. "Na yeye angekimbilia kwa mama yake?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Dawa ni bure: miezi 2 ya dawa 4 zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, kisha miezi 4 ya dawa 2. Sharti awepo mtu wa kumwona mgonjwa akimeza. Mtu huyo nikawa mimi. Msingi wa utaratibu huu ulijengwa hapa hapa Tanzania kuanzia 1977, kwa kazi ya Karel Styblo, daktari wa Czechoslovakia ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Shirika la Afya Duniani likaja kuusambaza kwingine. Ila kumsimamia mume msomi wa Kihaya ni fani nyingine kabisa.

Moja ya dawa hizo, rifampisini, hugeuza mkojo rangi ya chungwa. Kwa baridi ile hakuna anayetoka kwenda chooni usiku, kwa hiyo tulikuwa na ndoo. Bibi jirani alipoiona mara ya kwanza, hata yeye asiyeamini uchawi alirudi nyuma hatua mbili. Mimi nikaizoea, nikawa namwaga bila kutazama, mpaka asubuhi moja nilipotazama: maji meupe, kama ya kisimani.

"Bwana Shamba, jana ulimeza?"

"Si uliniona, Mwalimu?"

"Niliona mdomo. Sasa naona ndoo."

Vidonge vilikuwa nyuma ya gunia la mbolea, vimelainika kwa mate. Alikuwa na mkutano wa wakulima, akaogopa kutapika mbele za watu. Nikamwambia kuruka dozi ndiko kunakozalisha kifua kikuu sugu, ambacho matibabu yake ni marefu na mazito zaidi. Akasema nimegeuka askari magereza. Nikasema afadhali askari kuliko mjane, nikavuta begi na kuanza kukunja kanga zangu. Hakunizuia. Hilo ndilo lililoniuma.

Alfajiri, kabla ya gari la Sumbawanga kupita, niliamshwa na mtu aliyeshika kikombe cha maji. Akaviweka vidonge ulimini nikiona, akameza, akaachama kama mtoto wa chekechea. "Kagua. Na chini ya ulimi pia." Nikakagua. Begi likakaa mlangoni siku kadhaa, si kwa hasira tena. Uvivu tu wa kulifungua.

Kisha ikaja njaa. Mwili ulipoanza kupona, mume wangu alikula migebuka, samaki wa Kirando, akala maharage, akala na ule ugali tuliokuwa tukiusengenya, akaomba ukoko. Makohozi ya mwisho yalipopimwa yakawa safi, suruali za zamani hazifungiki.

Mama mkwe alifika mwezi uliofuata, amebeba senene na mkungu wa ndizi uliosafiri hadi ukaiva njiani. Akamzunguka mwanawe, akambinya shavu, akanigeukia.

"Na huyo mgonjwa mliyekuwa mnanipigia simu," akauliza, "yuko wapi?"