Namna ya Kushindwa Tenisi Ukabaki Shujaa wa Gusii

Umechaguliwa kuiwakilisha shule katika tenisi ya wavulana, mmoja kwa mmoja, kwenye michezo ya muhula wa pili. Hongera, mwanangu. Usiulize kwa nini ni wewe. Huenda mwalimu wa michezo alikuona na kaptura nyeupe. Kipaji huna na muda wa kukitafuta umekwisha. Nisikilize mimi.

1. Shukuru hukupelekwa kwenye kandanda. Kandanda ya Kisii na Nyamira ina wachezaji kila kichochoro. Tenisi inataka uwanja, neti na raketi, na shule nyingi hazina hata kimojawapo. Droo inakuwa fupi. Mmoja akikosa nauli, mwingine akiogopa kaptura yako, umepita kwa chee hadi kaunti. Nyumbani sema tu, "Nimeingia nusu fainali." Hakuna atakayeuliza ulimfunga nani. Baada ya kaunti kuna kanda ya Nyanza, ambako utawakuta wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, kisha taifa, kisha Afrika Mashariki. Usiende mbali hivyo. Huko kuna watu wanaojua kucheza.

2. Ingia uwanjani kama bingwa. Beba raketi mbili. Ya pili ikiwa imekatika nyuzi, isitoke mfukoni. Wakati wa kupasha misuli, mtaje Paul Wekesa, Mkenya aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995. Usidai ni mjomba wako. Ukiwa Nyamira, jina hilo lisilo la huku litakuumbua.

3. Mpira ukiruka nje, laumu mwinuko. Hapa nakuomba utulie, maana hoja hii ina sayansi ndani yake. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, kwa hiyo unakwenda mbali kuliko ulivyokusudia. Sheria za tenisi zenyewe zinatambua mpira maalumu wa viwanja vilivyo zaidi ya mita 1,219. Basi ukipiga nje, uokote, ubonyeze kwa kidole gumba, tikisa kichwa, useme kwa sauti ya kufika kwa mashabiki: "Huu ni mpira wa Mombasa!" Mpinzani wako anatumia mpira huohuo na wake unaingia. Hilo usiliguse.

4. Mstari ni wako. Pasipo refa, kila mchezaji huamua mipira ya upande wake. Sheria inasema mpira ukigusa mstari hata kidogo umeingia, na ukiwa na shaka, pointi apewe mwenzako. Kwa hiyo usiwe na shaka hata siku moja. Inua kidole, geuka, tembea. Akibisha, mkumbushe Keroka. Kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, zimekuwapo tangu 2013 na zimevutana miaka mingi juu ya nani akusanye ushuru katika mji huo. Ikiwa serikali mbili zenye mawakili hazijauona vizuri mpaka unaopita sokoni, yeye atauonaje mstari wa chokaa wa sentimita tano?

5. Iite mvua. Omba mechi ianze baada ya chakula cha mchana. Mvua ya Kisii hupenda alasiri. Kisha vuta muda. Una sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na 90 mnapobadilishana upande: zitumie zote, na kamba za viatu zisikae zimefungwa. Ukiwa nyuma 1-5, tazama vilima vya Manga kwa matumaini. Ni kweli mechi iliyokatizwa na mvua huendelea kesho yake kutoka alama zilezile. Lakini basi la shule ya mpinzani wako linaondoka saa kumi na moja jioni, na dereva hana habari na tenisi.

6. Anga likikataa, umia. Chagua mguu mmoja na uukumbuke. Vijana wengi wameaibika hapa. Subiri huduma ya kwanza, ukunje uso, kisha jitoe kabla ya pointi ya mwisho. Ukiulizwa, sema aliyejitoa hakufungwa. Endelea kuchechemea hadi boda boda ipite Daraja Mbili, ndipo upone.

7. Kombe lisikusumbue. Nenda Tabaka, patana bei na mchongaji, mwandikie jina lako kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Neno "mshiriki" achonge dogo, upande wa nyuma. Ila lisafirishe kwa uangalifu: jiwe la Tabaka ni laini, huchongwa kwa kisu, na ukilitia mfuko mmoja na raketi litafika kwa mama yako bila mkono.